Nani Anawajibika kwa Chachu?

Kwenye sherehe nyingi za Singida togwa hunywewa na kila mtu. Shehe anakunywa, mchungaji wa Kilutheri anakunywa, na mlokole asiyetaka hata harufu ya pombe anaongezewa kikombe cha pili. Uji wa mtama au uwele umepikwa, umeachwa ukapoa hadi kidole kinavumilia, umetiwa unga wa kimea na kikombe cha togwa ya jana, kisha chungu kimefunikwa. Asubuhi uji uliokuwa mzito ni mwepesi, mtamu, una uchachu wa mbali. Kesho yake uchachu umekolea. Siku ya tatu chungu ni kilekile, hakuna aliyekigusa, lakini wale waliokinywea juzi kwa bismillahi au kwa sala sasa wanakipita mbali.

Kama hakuna aliyekigusa, nani ametengeneza pombe? Mpishi atasema yeye alipika togwa tu, na ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba bila yeye pombe ile isingekuwapo. Kati ya kweli hizo mbili kuna swali ambalo dini zimelishughulikia kwa makini kuliko wengi wanavyodhani: mtu anawajibika vipi kwa kazi aliyoianzisha, lakini iliyofanywa na mwingine wakati yeye amelala?

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni wa madhehebu ya Shafii, na miongoni mwa vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa kwao ni Minhaj al-Talibin cha Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Humo kuna suala dogo la siki. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, umetoharika na ni halali. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani, haujatoharika, hata kama siki iliyopatikana ni ileile kwa ladha na kwa harufu. Wahanafi hawakubaliani na hilo. Kwao siki ni siki, iwe imejigeuza au imegeuzwa. Lakini linalovutia zaidi ni suala linalofuata kwa al-Nawawi: mtu akiuhamisha mtungi kutoka juani kwenda kivulini, au kutoka kivulini kwenda juani, ili ugeuke upesi, je, huko ni kutia mkono? Jibu analoliona kuwa sahihi zaidi ni kwamba hapana, siki hiyo imetoharika.

Mwanachuoni wa karne ya 13 hakujua lolote kuhusu bakteria. Hata hivyo aliona jambo ambalo kila mpika togwa analijua kwa mikono yake: kuna kufanya, na kuna kuandaa mahali ili jambo lifanyike.

Tempe inalionyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi kwa sababu haina kileo cha kutuchanganya mawazo. Ni soya au maharage yaliyochachushwa kwa kuvu, chakula cha Wajava wa Indonesia, mojawapo ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani, na huko huliwa kila siku bila wasiwasi wa kidini. Tanzania nayo imewahi kukijaribu. Katika miaka ya 1990, J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alichapisha utafiti kuhusu tempe ya mahindi na soya, na baadaye, akiwa na mwenzake Lyimo, kuhusu tempe ya mtama. Lengo lilikuwa chakula cha watoto wanaoachishwa ziwa. Kwa Singida wazo hilo lina mantiki. Huu ni mkoa wa mvua za msimu mmoja, wa mtama na uwele, na uji wa nafaka tupu unamjaza mtoto tumbo bila kumpa protini ya kumtosha. Mikunde ikiungana na nafaka, kisha kuvu ikaimeng'enya kwanza, mtoto anapata zaidi kutoka kwenye kijiko kilekile.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka. Soya au maharage hulowekwa usiku kucha, husuguliwa kwa viganja ndani ya maji mpaka maganda yaelee, kisha huchemshwa. Wengi hutia siki kidogo kwenye maji ili bakteria wabaya wasipate nafasi. Yakiiva huchujwa na kutandazwa kwenye ungo yakauke juu, kwa maana punje yenye maji inaoza kabla kuvu haijaamka, na yapoe hadi joto la mwili. Ndipo chachu hunyunyizwa na kuchanganywa mpaka kila punje ipate. Hufungwa kwa jani la mgomba au, pasipo migomba, huwekwa kwenye chombo chembamba chenye matundu, kwa sababu kuvu hii inahitaji kupumua, ila isipumue sana.

Halafu ni kungoja. Joto linalotakiwa ni nyuzi 30 hivi. Mjini Singida, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, Oktoba haihitaji msaada, lakini usiku wa Juni na Julai unataka kikapu, blanketi na jiko lenye makaa ya mwisho. Saa kumi za kwanza hakionekani kitu. Baadaye kifurushi kinaanza kutoa joto lake chenyewe, jasho linatokea ndani ya jani, na nyuzi nyeupe zinashona punje kwa punje. Kukiacha karibu na jiko wakati huo ni kukiua, hivyo kinahamishwa mahali pa baridi zaidi. Baada ya siku moja hadi mbili tangu kufungwa, maharage yaliyokuwa yakimwagika yamekuwa mkate mmoja mweupe unaokatwa kwa kisu, wenye harufu ya uyoga. Ukiachwa zaidi, madoa meusi yanatokea. Hizo ni mbegu za kuvu na hazina ubaya. Ukitoa harufu kali ya mkojo, umepita wakati wake.

Mpishi amefanya nini hapo? Amehamisha mtungi kutoka juani kwenda kivulini.

Chachu nayo inatunzwa kwa namna hiyohiyo. Wajava wa zamani walitumia majani yenye manyoya upande wa chini, ya mti uitwao waru au ya mtiki. Waliyabana na tempe changa, mbegu za kuvu zikashika kwenye manyoya, majani yakakaushwa na kutumika safari inayofuata. Nyumbani leo mtu anaweza kuacha kipande kiive hadi kiwe cheusi, akakikausha, akakisaga na unga wa mchele uliokaangwa bila mafuta. Kila kizazi cha chachu kinabeba kuvu na kinabeba pia wageni wasioalikwa, ndiyo maana baada ya vizazi kadhaa ni busara kuanza upya na chachu safi. Wafugaji wa Singida hawahitaji darasa juu ya hili. Kibuyu cha maziwa ya mgando hufukizwa moshi, na mabaki ya jana yanayogandisha maziwa ya leo yanajulikana: kibuyu hiki kina mkono mzuri, kile kimeharibika, kitupwe.

Kinachohitaji darasa ni kuiamini kuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu karibu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwamo wa Chemba na Kondoa, majirani wa Singida kwa upande wa mashariki. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa nyumbani, yenye ukungu wa aina nyingine. Tangu hapo wataalamu wamerudia ujumbe mmoja kijiji baada ya kijiji: punje yenye ukungu usile, usimpe mtoto. Sasa aje mtu amwambie mama wa Mkalama achukue maharage mazuri, ayanyunyizie kuvu kwa makusudi, ayafunike, kisha amlishe mtoto! Akikataa hajakosea. Ana sababu, na sababu hiyo ilizikwa jirani yake.

Kwa hiyo swali la wajibu si mazungumzo ya barazani tu. Linahitaji majibu yanayostahimili vifo.

Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikusanyika msibani wakanywa pombe ya kienyeji. Walikufa 75. Siku za mwanzo tuhuma iliyoenea ni kwamba mtu ametia nyongo ya mamba kwenye pipa. Alitafutwa mwenye mkono. Lakini mwanamke aliyeipika pombe ile alikuwa miongoni mwa waliokufa, na uchunguzi wa maabara ulipokamilika ulionyesha sumu iliyotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika. Ni sumu ileile iliyowahi kuua watu Java kupitia tempe ya machicha ya nazi, hadi Indonesia ikaipiga marufuku tempe hiyo mwaka 1988. Hakukuwa na mchawi wala nyongo. Kulikuwa na unga mbovu na kiumbe asiyeonekana.

Singida yenyewe ina kisa kinachokwenda kinyume na hicho. Miaka ya 1946 na 1947 watu wengi waliuawa katika nchi ya Wanyaturu, na mwanzoni ilisemekana wameraruliwa na simba. Serikali ya kikoloni ilipochunguza ilikamata watu, mahakama zikawahukumu, na kesi za simba-watu zikavuma mbali. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider aliyapitia upya mambo hayo mwaka 1962, na bado yanajadiliwa. Pale mnyama alishukiwa, akapatikana mtu. Chitima mtu alishukiwa, akapatikana bakteria. Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja vinamzuia mwenye haki kujibu kabla hajachunguza. Kusema kila kifo kina mkono wa mtu ni kuwaonea vikongwe wanaoitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Kusema kila kifo ni kazi ya Mungu ni kumwachia muuaji njia.

Yako majibu ya kale yanayofaa hapa kuliko watu wanavyokumbuka, na yanatoka katika sheria za mifugo.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina kesi ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa. Ng'ombe atapigwa mawe na nyama yake haitaliwa, lakini mwenye ng'ombe hana hatia. Isipokuwa jambo moja: kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga pembe, mwenyewe akaonywa, na asimfunge, basi mwenyewe naye anabeba hatia ya kifo. Sheria haiulizi nani aliua. Pembe zinajulikana ni za nani. Inauliza mwenye ng'ombe alijua nini na alifanya nini baada ya kujua.

Waislamu nao wanaifahamu kesi ya Daudi na Sulaiman katika Surat al-Anbiyaa, ya kondoo walioingia shamba la watu usiku wakalila. Na iko hadithi ya ngamia wa al-Bara' ibn Azib aliyeharibu bustani, ambayo Imam Malik na Imam Shafii waliijengea hukumu: mchana mwenye shamba ndiye alinde shamba lake, kwa hiyo mnyama akiharibu hakuna fidia, usiku mwenye mnyama ndiye amfunge mnyama wake, kwa hiyo akiharibu, mwenyewe atalipa. Mfugaji wa Ikungi au Manyoni aliyewahi kusuluhishwa na mkulima mbele ya wazee hahitaji kuelezwa maana yake. Usiku, saa ambazo mwenyewe amelala na hafanyi kitu, ndizo dhamana yake inapokuwa nzito zaidi.

Chachu ni mfugo. Inalishwa, inatunziwa joto, inazaa, inapewa jirani ikazae kwake, na inafanya kazi kwa hulka yake, si kwa amri. Singida inalijua hata hili la kushirikiana na viumbe wadogo wasiotii mtu. Uwanja wa mpira wa mjini una jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwapinga Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Nyuki hapokei amri ya jemadari. Mwenye kumjua anaandaa mzinga na anajua saa ya kukaa mbali.

Ikiwa chachu ni mfugo, hukumu ya ng'ombe inaihusu moja kwa moja. Mpishi wa Chitima, kwa yale yaliyojulikana kijijini kwake siku ile, ni mwenye ng'ombe ambaye hakuwahi kuonywa. Hana hatia, na waliolitafuta jina la mchawi walimdhulumu yeye na majirani zake. Lakini anayepika leo, baada ya Chitima, baada ya Dodoma na Manyara, ameonywa. Unga wenye harufu ya ukungu akiutia kwenye pipa kwa kuwa ni hasara kuutupa, huyo anamwacha ng'ombe mpiga pembe bila kamba.

Wapo watakaosema fikra hii inamwondoa Mungu jikoni. Injili ya Marko, sura ya 4, ina mfano wa mkulima anayepanda mbegu, analala na kuamka, nayo inaota na kukua, yeye asijue jinsi gani. Mathayo sura ya 13 anaufananisha ufalme wa mbinguni na chachu ambayo mwanamke aliificha ndani ya pishi tatu za unga. Katika mifano hiyo miwili binadamu anafanya kidogo na kingine kinafanyika, na hicho kingine kinaitwa neema. Sasa tunajua inavyoota. Mwaka 1857 Louis Pasteur alieleza kwamba uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai. Watafiti wa Sokoine wamewatambua kwa majina wanaofanya kazi ndani ya togwa. Je, mkulima aliyejua jinsi anapoteza sababu ya kushukuru?

Hapotezi. Kujua jina la bakteria hakumpi mtu uwezo wa kufanya kazi yake. Kifurushi kilichofungwa Jumamosi jioni hakiivi kwa sababu mwenyewe amesoma. Ameandaa, amefunika, anangoja, kama bibi yake aliyekuwa akimwaga pombe ya nafaka kidogo kwenye tambiko kabla mtu hajanywa. Kilichobadilika ni dhamana. Bibi aliambiwa na pua na ulimi tu. Mjukuu ameambiwa pia na maabara. Biblia haikuusahau upande wa pili wa chachu: chachu ileile ya ufalme ndiyo inayoondolewa nyumbani kwa siku saba katika Kutoka sura ya 12, na ndiyo Yesu anayowaonya wanafunzi wake wajihadhari nayo anapozungumzia Mafarisayo. Ni kiumbe kimoja, na kazi ya mwenye nyumba ni kujua lini anakiingiza na lini anakitoa. Anayekula tempe nzuri akasema ni ujuzi wake anajipa sifa isiyo yake. Anayelisha watu chakula kibovu akasema ni mapenzi ya Mungu anamtwika Mungu uzembe wake. Makosa haya ni ya ukoo mmoja, na la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa lina wafu.

Hilo linafika mahali mahususi sana Singida, mkoa wa alizeti. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta ni mengi, ni rahisi, yana protini, na kwa kawaida huishia kwa kuku na ng'ombe. Mtu mwenye moyo mzuri akijifunza tempe atawaza tu: kwa nini tusijaribu mashudu? Wajava nao walikuwa na moyo mzuri na uhaba walipotumia machicha ya nazi, ambayo nayo ni mabaki yenye mafuta. Hiyo si hukumu dhidi ya alizeti. Ni onyo linalotosha kumfanya mtu asilijaribu jambo hilo jikoni kwake na kumlisha mtoto wa jirani kabla maabara haijasema.

Na chachu hupitishwa kwa jirani. Huo ndio uzuri wake. Kijiko kimoja kinatoka Mandewa kinafika Kiomboi, kinazaa huko, mwaka unaofuata kinarudi kwa yule aliyepoteza yake. Lakini anayetoa kijiko kile hatoi unga tu, anatoa mfugo, na mwenye kutoa mfugo husema tabia yake: umetoka wapi, ni kizazi cha ngapi, ulikaushwa lini, weupe wake ukoje, na kwamba rangi ya waridi, ya kijani au ya manjano, au utelezi kwenye punje, maana yake ni kutupa kifurushi kizima bila kuonja. Akikaa kimya, na ajali ikatokea kwa jirani ambaye hakuambiwa, ng'ombe ni wa nani?

Kwa sheria ya Kutoka, jirani yule hakuonywa, kwa hiyo mzigo unarudi kwa aliyejua akanyamaza. Kwa asiyejua kabisa na bado akawalisha watu au kuwauzia, hukumu inakuwa ngumu zaidi. Iko hadithi kwa Abu Dawud kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, akadhuru, atadhamini. Kutojua hakumwokoi, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kuanza. Mwenye ng'ombe anasamehewa kwa kutojua, tabibu hasamehewi. Anayechachusha kwa ajili ya meza yake anaweza kujiweka upande wa mwenye ng'ombe. Anayechachusha kwa ajili ya wengine yuko upande wa tabibu, na zaidi ya wote yule anayefuata njia ya watafiti wa Morogoro, maana chakula chao kilikusudiwa walaji wasioweza kuuliza chachu imetoka wapi: watoto ambao ndio kwanza wanaachishwa ziwa.